KIINUA MGONGO SI MTAJI WA BAHATI NASIBU

Sarafu za mtandaoni na akiba ya uzeeni: nasaha kwa Waislamu wa Mabatini na Kanda ya Ziwa

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, Mwenye kuruzuku bila ya kuhesabiwa na Mwenye kutuhesabu kwa kila alichoturuzuku. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye kabla ya kupewa Utume watu walimfahamu kwa uaminifu wake katika biashara, na ziwashukie jamaa zake, maswahaba zake na wote waliowafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, kwa muda sasa limekuwa likitufikia swali moja kwa njia mbalimbali. Tumeulizwa baada ya darasa, tumeulizwa njiani tukitoka kuzika, na tumeandikiwa karatasi ndogo ndogo zikapenyezwa mlangoni mwa msikiti. Swali lenyewe ni hili: Je, inafaa Muislamu aliyestaafu, au anayekaribia kustaafu, kuchukua mafao yake na kuyaweka katika sarafu za mtandaoni, kama vile Bitcoin na nyinginezo, ili ziwe ndiyo akiba yake ya uzeeni?

Tulilichukulia kuwa ni swali la vijana wenye kupenda mambo mapya. Kisha akatujia mzee mmoja wa hapa hapa Mabatini, mwalimu mstaafu, ambaye jina lake tunalihifadhi. Alitumikia kwa zaidi ya miaka thelathini, akasomesha watoto wa watu, na alipostaafu akapata mafao ya mkupuo. Hakuyanywea pombe wala hakuyachezea karata. Kijana wa jamaa yake alimfuata baada ya swala ya Isha, akamwonyesha picha na grafu katika simu, akamwambia maneno ambayo mzee alituhadithia huku akiangalia chini: "Babu, fedha ya pensheni ina riba, hii haina. Ukiiweka hapa unaisafisha." Mzee alikubali kwa sababu alidhani anaikimbia haramu. Leo mzee huyo anauza mkaa barazani kwake.

Ni kwa ajili ya mzee huyo na wenziwe ndiyo tumeshika kalamu.

NI KITU GANI HASA?

Haifai kuhukumu jambo kabla ya kulifahamu. Basi tuseme kwa ufupi. Bitcoin ilianza Januari 2009. Haina noti wala sarafu ya kushikwa mkononi. Ni maandishi katika daftari la hesabu ambalo nakala zake zimo katika kompyuta nyingi duniani, na kila muamala unaoingizwa huthibitishwa na kompyuta hizo, si na benki wala serikali. Kanuni yake imeweka kikomo kuwa hazitazidi milioni 21. Mwenye kumiliki huwa na funguo ya siri, na mwenye funguo ndiye mwenye mali. Akiipoteza, hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Baada yake zimetokea sarafu nyingine maelfu, nyingi zikiwa zimetungwa na watu waliotaka kuuza tu kisha watoweke.

Mtu wa Mwanza huzipataje? Kwa kawaida hutuma fedha kwa simu kwenda kwa mtu asiyemjua, kisha huandikiwa kiasi fulani katika pochi ya mtandaoni. Wengine hawafiki hata huko. Humkabidhi "wakala" fedha taslimu, naye huwaonyesha tarakimu zinazoongezeka kila siku katika simu. Tarakimu hizo si mali. Ni picha ya mali, na mara nyingi hata mali yenyewe haikupata kununuliwa.

Sasa tuzitazame hoja za wanaoipigia debe biashara hii misikitini mwetu, moja baada ya nyingine, kwa insafu.

HOJA YA KWANZA: "PENSHENI INA RIBA, BITCOIN HAINA"

Hii ndiyo hoja yenye sumu kuliko zote, kwa kuwa imepakwa asali ya dini. Hatukatai kwamba mifuko ya hifadhi ya jamii nchini mwetu, NSSF na PSSSF, huwekeza sehemu kubwa ya fedha za wanachama katika hati fungani za serikali na amana za benki, na kwamba humo mna riba. Hilo tumelisema zamani, na tunalisema leo. Aya za mwisho wa Suratul Baqara, kuanzia ya 275, haziachi nafasi ya kulegeza kauli katika jambo hili.

Lakini tutenganishe mambo mawili. Mfanyakazi hachagui. Hukatwa kwa sheria, na mwajiri wake huchangia kwa sheria. Alichokatwa na alichochangiwa ni sehemu ya ujira wake, na ujira wake ni halali. Wanavyuoni wengi wa zama hizi wamesema kuwa asiye na hiari hana dhambi ya aliyelazimishwa, na kwamba akipokea ziada anayoiona kuwa ni riba, aitoe katika maslahi ya watu bila kutarajia thawabu za sadaka. Hiyo ndiyo njia ya kusafisha mali. Kuichukua mali nzima, halali yake na yenye shaka yake, na kuitumbukiza katika shimo jingine si kusafisha.

Na je, ni kweli kwamba sarafu za mtandaoni hazina riba? Mwaka 2022 ilianguka kampuni ya Celsius huko Marekani, iliyokuwa ikipokea sarafu za watu na kuwaahidi faida ya kila wiki, kwa baadhi ya sarafu ikitangaza hadi asilimia 18 kwa mwaka. Juni mwaka huo ilizuia watu kutoa mali zao, na Julai ikaomba kufilisika. Mwezi Mei, kabla ya hapo, sarafu za Terra na Luna zilikuwa zimekwisha kuporomoka kwa siku chache, baada ya watu kuvutwa kwa ahadi ya karibu asilimia 20 kwa mwaka. Tunauliza: mtu anayeweka mali, akaahidiwa ziada isiyotokana na biashara anayoijua, wala asishiriki hasara, huyo amekimbia riba au ameikimbilia? Jina la Kiingereza halibadilishi hukumu. Nguruwe ukimwita kondoo hageuki kuwa kondoo.

HOJA YA PILI: "WANAVYUONI WAMEHALALISHA"

Hapa ni lazima tuseme ukweli wote, hata ule usiotufaa. Wanavyuoni wamekhitalifiana. Mwishoni mwa 2017 taasisi ya dini ya Uturuki ilisema kuwa biashara hii haiafikiani na dini kwa hali yake ya sasa. Mwanzoni mwa 2018 Mufti wa Misri wa wakati huo, Sheikh Shawki Allam, alitoa fatwa ya kuikataza. Novemba 2021 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilisema kuwa ni haramu kuzitumia kama fedha, na likaacha mlango mwembamba kwa zile zenye kitu cha kuzitegemeza na manufaa ya wazi. Kwa upande mwingine, mwaka 2020 baraza la sharia la mamlaka ya masoko ya mitaji ya Malaysia liliruhusu kuziuza na kuzinunua katika masoko yaliyosajiliwa. Na Baraza la Fiqhi la Kimataifa, lililokutana Dubai mwaka 2019, liliona kuwa suala hili linahitaji utafiti zaidi.

Kwa hiyo hatumwiti fasiki Muislamu aliyechukua kauli ya kuhalalisha kwa elimu na kwa nia safi. Hili ni jambo la ijtihadi. Lakini tazameni jinsi mawakala wanavyoifanyia khiyana ijtihadi hiyo. Wanaichukua rukhsa ya Malaysia na kuyaacha masharti yake. Rukhsa ile ilitolewa kwa masoko yenye leseni, yanayokaguliwa, yenye mahali pa kushitaki. Hapa kwetu kuna leseni gani? Mwananchi wa Igogo aliyemtumia mtu asiyemjua fedha kwa simu atamshitaki nani? Mwenye kuchukua rukhsa bila masharti yake amechukua matamanio yake, kisha akamsingizia mwanachuoni.

Halafu kuna jambo zito zaidi. Kuhalalisha kumiliki kitu si kuhalalisha kukifanya kiwe tegemeo la mzee. Samaki ni halali kwa ijmai. Lakini je, tunaruhusiwa kumuuza samaki angali majini? Imepokewa kutoka kwa Ibn Mas'ud (R.A.) katazo la kununua samaki aliye majini kwa kuwa ni gharari, na wanavyuoni wa hadithi wameona kuwa iliyo sahihi zaidi ni kwamba kauli hiyo ni ya sahaba mwenyewe. Ama katazo la biashara ya gharari kwa jumla limethibiti kutoka kwa Mtume (S.A.W.) katika Sahihi Muslim. Sisi watu wa ziwa tunapaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Sangara yumo ziwani, hilo hatuna shaka nalo. Lakini nani amemwona? Ana kilo ngapi? Atanaswa na wavu wa nani? Anayelipa fedha yake yote kwa ajili ya samaki huyo hakufanya biashara. Amecheza kamari, na Suratul Maida, aya ya 90 na ya 91, imeiweka kamari pamoja na pombe.

HOJA YA TATU: "SERIKALI IMERUHUSU, NA WAKUBWA WA DUNIA WAMEINGIA"

Wanasema: Rais mwenyewe aliitaja hapa hapa Mwanza. Ni kweli. Tarehe 13 Juni 2021, katika uzinduzi wa jengo la Benki Kuu jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki Kuu ianze kujiandaa kwa mabadiliko hayo ya kifedha, yasije yakaikuta haiko tayari. Kuiambia benki ijiandae ni jambo moja. Kumwambia mstaafu wa Mabatini anunue ni jambo jingine kabisa. Mtu akikuambia ujiandae kwa mafuriko, hakukuambia uingie mtoni.

Tena mwaka 2019 Benki Kuu hiyo hiyo ilikuwa imetoa tangazo kwa umma kuwa sarafu hizi si fedha halali nchini, na ikawatahadharisha watu wasizifanyie biashara. Baadaye, kwa Sheria ya Fedha ya 2024, ikawekwa kodi ya zuio ya asilimia 3 katika uhamishaji wa mali za kidijitali. Mawakala wakashangilia: "Mmeona? Imehalalishwa!" Subhanallah! Tangu lini kutozwa kodi kukawa ndiyo kuhalalishwa? Bia hutozwa kodi. Sigara hutozwa kodi. Michezo ya kubahatisha hutozwa kodi. Je, tuanze kuyaweka hayo mihirabuni?

Wanasema pia kuwa Wamarekani wanaweka pensheni zao humo. Tuangalie vizuri. Machi 2022 wizara ya kazi ya Marekani iliwaonya wasimamizi wa akiba za kustaafu wachukue hadhari kubwa mno kabla ya kuingiza sarafu hizi. Mei 2025 onyo hilo likaondolewa, na Agosti 2025 Rais Donald Trump akatia saini amri ya kuelekeza idara zake zifungue njia ya akiba hizo kuingia katika mali za aina hiyo. Hayo ni kweli. Lakini tangu lini amri ya mtawala wa Marekani ikawa dalili ya kisharia kwetu? Na siasa iliyobadilika ndani ya miaka mitatu, nani atadhamini kuwa haitabadilika tena kabla mzee wako hajafikisha miaka 70?

Tena hao wakubwa wenyewe wamekwisha kuungua. Mfuko wa pensheni wa walimu wa jimbo la Ontario, huko Kanada, uliweka dola milioni 95 katika kampuni ya FTX, iliyokuwa soko la sarafu hizi. Novemba 2022 FTX ilifilisika, na mfuko ukaihesabu fedha yote ile kuwa ni hasara. Je, walimu wa Ontario walilala njaa? La. Mfuko ulisema kuwa kiasi kile kilikuwa chini ya asilimia 0.05 ya mali zake zote. Yaani katika kila shilingi elfu moja, haikufika hata shilingi moja. Walikuwa na wanasheria, wakaguzi na wataalamu, na bado hawakuthubutu kuhatarisha zaidi ya hapo. Mwalimu wetu wa Mabatini hakuwa na mwanasheria wala mkaguzi, naye alishauriwa kuweka shilingi elfu moja katika kila elfu moja. Ndugu zangu, kama huku ni kuwaiga wakubwa, basi tumeiga mlango tukasahau nyumba.

HOJA YA NNE: "BEI HUPANDA SIKU ZOTE"

Novemba 2021 Bitcoin moja ilikaribia dola 69,000. Novemba ya mwaka uliofuata ilikuwa chini ya dola 16,000. Mstaafu aliyeingiza shilingi milioni 20 katika kilele kile, baada ya mwaka mmoja alibakiwa na thamani ya takriban milioni 4 na nusu, tukichukulia kuwa dola haikubadilika. Watajibu: "Angesubiri! Desemba 2024 ilivuka dola laki moja." Tunakubali kuwa ilivuka. Lakini nani wa kusubiri? Kijana wa miaka 25 mwenye mikono yake miwili anaweza kusubiri. Mtu wa miaka 60, umri wa kustaafu kwa lazima, mwenye presha, mwenye wajukuu waliofiwa na baba yao, mwenye nyumba inayovuja juu ya mawe ya mlima wa Mabatini, huyo hasubiri. Tumbo lina saa yake, na dawa ina tarehe yake. Atauza bei ikiwa chini, kwa sababu njaa haikungoja bei ipande.

Waulizeni wavuvi wa dagaa. Wao huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi inapotoka ziwa hunyima. Mvuvi mwenye akili haoni haya kuweka akiba katika siku za giza kwa ajili ya siku za mbalamwezi. Akiba hiyo huiweka nyumbani, au kwa mtu mwaminifu, au katika chombo kinachopatikana siku anayoihitaji. Hairudishi ziwani. Uzee ndio mbalamwezi yetu sote. Kile tulichokivua ujanani ndicho cha kutuvusha, na mwenye kukitupa tena majini asishangae atakapolala na njaa.

Wapo pia wasemao kuwa shilingi nayo ni karatasi tu, na hupungua thamani mwaka hadi mwaka. Ni kweli inapungua, na kwa ajili hiyo hatumwambii mtu afukie noti chini ya godoro. Lakini bei ya mchele sokoni Kirumba haiwezi kuporomoka kwa robo tatu ndani ya mwaka mmoja kwa sababu tajiri mmoja wa ng'ambo ameandika neno katika simu yake. Dawa ya kitu kinachopungua polepole si kitu kinachoweza kutoweka usiku mmoja.

TULIKWISHA KUONYWA

Si mara ya kwanza kwa watu wetu kuchezewa. Mwaka 2009 Serikali iliisimamisha DECI, ambapo maelfu ya Watanzania walikuwa wameambiwa "wapande mbegu" na "wavune". Mpango ule uliongozwa na watu wa dini ya Kikristo, na baadhi yetu tulicheka tukidhani ni ujinga wa wenzetu. Leo wanaokuja na maneno ya aina ile ile wamevaa kanzu na kofia, na aliyechekwa jana anatutazama sisi. Desemba 2019, ng'ambo ya ziwa letu hili nchini Uganda, kampuni ya Dunamiscoins ilifunga milango ikiwa na fedha za maelfu ya watu, wengi wao vijana na akina mama, iliowavuta kwa jina hilo hilo la sarafu za kidijitali. Mapema mwaka 2025 yakaja ya LBL, ambapo watu waliweka fedha ili walipwe kwa kutazama matangazo katika simu, nayo yakaishia mikononi mwa polisi.

Tunajua kuwa Bitcoin yenyewe si DECI. Lakini mlango unaotumika ni mmoja. Mwananchi wa kawaida hafundishwi tofauti. Huambiwa tu neno "kripto" kisha hufunguliwa mkoba. Muumini, kama alivyotufunza Mtume (S.A.W.), haumwi mara mbili katika tundu moja. Sisi tumekwisha kuumwa mara ngapi?

HAKI YA WARITHI

Lipo jambo moja ambalo mawakala hawaligusi kabisa, nalo ni mauti. Allah (S.W.) amegawa mirathi kwa mafungu yanayojulikana katika Suratun Nisaa. Mjane ana fungu lake, binti ana lake, mama ana lake. Sasa mtu ameficha mali yake yote nyuma ya maneno ya siri ambayo hakumwambia yeyote kwa kuogopa kuibiwa. Anafariki ghafla. Mali ile ipo, lakini hakuna kiumbe awezaye kuifikia. Hakimu haifikii, kadhi haifikii, mjane haifikii. Mtume (S.A.W.) alimfundisha Saad bin Abi Waqqas (R.A.) kuwa kuwaacha warithi wakiwa na uwezo ni bora kuliko kuwaacha mafukara wakiomba watu. Huyu amewaachia nini? Amewaachia kitendawili.

KOSA LETU SISI

Tungekuwa wanafiki lau tungewalaumu mawakala na kunyamaza juu ya nafsi zetu. Sisi tunaojiita watu wa kurekebisha hali ya Umma tumesimama juu ya mimbari kwa miaka mingi tukisema: riba haramu, benki haramu, bima haramu. Tulisema kweli. Lakini mzee aliposimama kutuuliza "Basi niweke wapi?", wangapi kati yetu tulikuwa na jibu? Tulibomoa nyumba mbovu tukamwacha mtu mvuani, kisha tukamlaani aliyemkaribisha chini ya mwamvuli uliotoboka.

Na wastaafu wamepita katika dhiki ya kweli. Tangu Julai 2022 kikokotoo kiliweka mafao ya mkupuo kuwa asilimia 33, na yaliyobaki yakawa pensheni ya kila mwezi. Katika bajeti ya 2024/25 ndipo watumishi wa umma wakapandishiwa hadi asilimia 40. Mtu aliyepanga kujenga kwa mkupuo mkubwa akajikuta na mkupuo mdogo. Mwenye haraka ya kufidia pengo ndiye windo rahisi. Lau misikiti ingekuwa imemfikia kabla ya wakala, pengine leo tusingekuwa tunaandika makala haya.

NASAHA ZETU

Kwa kuzingatia yote hayo, msimamo wetu ni huu. Ama kumiliki sarafu hizi kwa jumla, sisi tunaelekea upande wa waliokataza, kwa gharari iliyomo na kwa kukosekana usimamizi katika nchi yetu. Ama kuzifanya kuwa akiba ya uzeeni, hapo hatuoni nafasi ya khitilafu hata kwa mwenye kuhalalisha, kwa sababu Allah (S.W.) ameifanya mali kuwa ni tegemeo la maisha yetu na akatukataza, katika Suratun Nisaa aya ya 5, kuikabidhi kwa wasiojua kuitunza. Na kwa hiyo:

1. Mstaafu asiingize mkupuo wake, wala sehemu yake, katika jambo asiloweza kumweleza mkewe kwa lugha nyepesi likaeleweka.

2. Aliyekwisha kuingia asikope ili "kufidia", wala asiuze kiwanja. Atoke kwa utaratibu na kile kilichosalia. Na maadamu bado anamiliki, aandike wasia unaoeleza mali ilipo na namna ya kuifikia, na akumbuke kuwa mali iliyofikia nisabu na kupitiwa na mwaka ina zaka.

3. Kuna njia zilizo karibu na usalama. Amana Bank, benki ya kwanza nchini kuendeshwa yote kwa misingi ya Kiislamu, ipo tangu 2011, na benki nyingine zimefungua madirisha ya aina hiyo. Sukuk zimeanza kutolewa Bara na Zanzibar. Vipo vyumba vya kupangisha, upo ushirika wa mtumbwi na nyavu kwa mkataba wa musharaka ulioandikwa na kushuhudiwa, ipo biashara ya nafaka. Hakuna hata kimoja kisicho na hasara, lakini katika kila kimoja hasara unaiona ikija. Ulizeni, someni mikataba, na msiridhike na jina la Kiislamu peke yake.

4. Maimamu na kamati za misikiti wasiruhusu tangazo la uwekezaji wowote ndani ya msikiti au barazani kwake, wala wasipokee "asante" ya wakala. Imamu anayepokea kamisheni kwa kila mzee aliyeingizwa atamjibu nini Mola wake?

5. Kila msikiti utenge darasa moja kwa mwezi la fiqhi ya mali, na waalikwe kwanza wale waliobakiza miaka mitano kustaafu. Wakala hungoja siku ya malipo. Sisi tumtangulie.

Na kwa vijana wetu, ambao wengi wanafanya hivi kwa kuamini kuwa wanawasaidia wazee, tunasema kwa mapenzi: kama unaiamini sana sarafu hiyo, iweke jasho lako mwenyewe, na Allah ni Mwenye kukuhisabu. Jasho la babu yako liache. Miaka thelathini aliyosimama mbele ya ubao hairudi, wala hana tena nguvu ya kuanza upya. Jambo la mwisho alilotuambia mzee yule halikuhusu fedha. Alisema kuwa kinachomuumiza ni kwamba kijana yule hapiti tena nyumbani kwake kwa haya. Tumemwahidi kuwa tutamtafuta kijana huyo na kumrudisha barazani, wakae pamoja na kusameheana, kwa kuwa mali ikipotea udugu haufai kupotea nao.

Tunamuomba Allah (S.W.) atutosheleze kwa halali yake tusiihitaji haramu yake, awafidie waliopoteza, na atujaalie sisi wenye kusema kuwa wa kwanza kutenda.

Wabillahi tawfiq.